Saa 35 bila kula: kisa cha mzazi wa upasuaji Tanga na hotpoti iliyorudi nyumbani imejaa

Mimi ni mkunga, nafanya kazi wodi ya wazazi hapa Tanga. Mwenye kisa amekubali kiandikwe. Jina lake sijaweka, hospitali sijaitaja, tarehe na mtaa nimeviacha, ila saa na vipimo ni vile vile vya kwenye faili. Naandika kwa wauguzi wenzangu hasa wanaoanza kazi, na kwa ndugu mnaokuja na makapu wodini, manake bila nyie hakuna mzazi anayekula.

Mzazi alivyokuja

Miaka ishirini na kitu, mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alitoka kwa upasuaji wa dharura baada ya uchungu mrefu, kwa hiyo safari hii upasuaji ukapangwa mapema, wiki ya 39. Hana presha, hana sukari, wingi wa damu 11.2. Anaishi kwa mumewe, nyumba moja na mama mkwe, na mama mkwe ndiye aliyemuuguza uzazi wa kwanza. Hapo pa uzazi wa kwanza pana uzito kwenye kisa hiki, kwa sababu kule alikaa bila kula mpaka siku ya pili jioni, alipojamba ndo akaruhusiwa, na bi mkubwa akaondoka hospitali akijua kabisa kwamba hiyo ndo sheria ya kila aliyepasuliwa.

Ilivyokwenda

Usiku wa kulazwa alikula wali na samaki saa mbili, akaambiwa baada ya hapo asiguse kitu, hata maji. Alipangwa kuingia thieta saa mbili asubuhi. Ikaja dharura, mama mwingine kondo limeachia na anavuja damu, ikabidi huyo atangulie, na hilo halina mjadala. Mzazi wetu akaingia saa tano na robo. Kipindi chote hicho hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba sasa umesogezwa mbele, kunywa basi maji kidogo. Mtu anayesubiri upasuaji wa kupangwa anaruhusiwa maji matupu mpaka saa 2 kabla ya kuingia, chakula chepesi mpaka saa 6 kabla, ila kwetu tunawafungia wote kuanzia usiku na kesho yake ratiba ikivurugika anayeumia ni mwenye njaa.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Ganzi ya mgongo, mama macho muda wote, mtoto wa kike kilo 3.1 kalia papo hapo, damu iliyotoka ya kawaida, utumbo haukuguswa. Daktari akamwambia pale pale mezani, "mama ukifika wodini utakunywa maji, jioni utapata uji". Akaandika kwenye faili pia: maji baada ya saa 2, chai na uji baada ya saa 6, kesho chakula cha kawaida. Sasa lile faili lina karatasi ya maagizo iliyochapwa zamani, na kwenye karatasi hiyo kuna mstari unaosema asipewe chochote kwa mdomo mpaka sauti za utumbo zisikike. Mstari ule haukukatwa. Yaani faili moja, maagizo mawili, na yanapingana.

Saa saba mchana yuko wodini. Saa nane shifti ikabadilika, makabidhiano yakafanyika haraka haraka wodi imejaa, na aliyepokea akasoma ile iliyochapwa.

Saa kumi jioni ndugu wakaingia. Mama mkwe kaja na uji wa mchele wenye pilipili manga kwenye hotpoti, chupa ya chai ya tangawizi, na supu ya changu pembeni. Akauliza kwa adabu kabisa, "sista, mkaza mwanangu keshaweza kula?" Akajibiwa, "bado bi mkubwa, mpaka ajambe". Mzazi akasema kwa sauti ndogo kwamba daktari kamwambia anaweza kunywa. Mama mkwe akamkatiza, "nyamaza mwanangu, unataka mshono ufumuke?" Saa kumi na mbili kengele ya kutoka ikalia, na lile kapu likapanda bajaji kurudi nyumbani limejaa vile vile.

Usiku ganzi ikaisha, maumivu yakaja, akachomwa pethidini, sindano kali ya maumivu. Dripu ya mwisho ikamalizika. Saa nne usiku muuguzi wa zamu akapitia mafaili taratibu, akaona mwandiko wa daktari, akaenda kumgusa tumbo: laini, halijajaa, hatapiki, hana kichefuchefu. Akamwambia anywe. Maji akanywa, tena kwa pupa mpaka akaambiwa anywe kidogo kidogo. Uji? Hakuna. Geti limefungwa, jikoni hakuna kitu saa hizo. Mama wa kitanda cha jirani akamkaribisha chai kwenye kikombe chake akakataa, kwa sababu mama mkwe kasema asile na yeye aliogopa.

Mtoto alilia sana usiku ule. Muuguzi akakaa naye, akamsaidia kumnyonyesha akiwa amelala ubavu, mtoto akapata maziwa ya mwanzo kidogo kidogo akalala. Lile lilikuwa jambo kubwa, manake wifi yake alikuwa keshapanga asubuhi aje na maji ya sukari kwenye chupa.

Asubuhi ya pili

Saa kumi na mbili mpira wa mkojo ukatolewa, akainuliwa asimame. Hatua mbili, macho yakaingia giza, magoti yakalegea. Wauguzi wawili walikuwa wamemshika, hakuanguka. Presha 95 kwa 60, mapigo ya moyo 108, sukari 3.8.

Hapa kuna uamuzi ambao nataka wenzangu muushike vizuri. Muuguzi hakusema "ni njaa tu". Mzazi wa upasuaji akizimia, swali la kwanza ni damu. Akaangalia pedi, akapapasa mfuko wa uzazi kama umekaza, akaangalia mshono, akaita daktari, damu ikapimwa ikawa 10.4. Haijashuka kwa kutisha, tumbo laini, mfuko umekaza, pedi ya kawaida. Walipomaliza kuondoa hilo la damu ndo wakarudi kwenye njaa na upungufu wa maji. Ungeanza na njaa siku moja ungempoteza mtu aliyekuwa anavujia ndani huku unamkorogea uji.

Daktari wa raundi, mwingine siyo yule wa jana, akauliza swali moja: huyu amekula lini mara ya mwisho? Wakahesabu. Juzi saa mbili usiku. Saa moja na nusu asubuhi ndugu walipofika akapewa nusu kikombe cha chai yenye sukari, wakasubiri kama nusu saa, hakuna kichefuchefu, akapewa bakuli la uji akalimaliza lote. Zaidi ya saa 35 tangu chakula cha mwisho, na saa 20 kati ya hizo ni baada ya upasuaji, wakati daktari aliandika saa 6.

Saa nne asubuhi akatembea mpaka bafuni kwa kushikwa mkono. Saa saba mchana akajamba. Yaani kilianza chakula, kikafuata kutembea, hewa ikatoka baadae. Jioni akala wali laini na mchuzi wa samaki, tumbo halikujaa, hakutapika. Akaruhusiwa siku ya tatu, mtoto ananyonya titi tu, na alipokuja siku ya saba mshono ulikuwa mkavu.

Kila mmoja alikuwa na sababu yake

Sikutaka kuandika kisa cha kumsema mtu, kwa hiyo niliwauliza wahusika.

Muuguzi wa jioni aliniambia alishamuona mama mmoja miaka ya nyuma, kapasuliwa baada ya kukaa na uchungu sana nyumbani, ana maambukizi, ndugu wakampa ugali kwa kificho, tumbo likajaa kama ngoma, akatapika kijani, akarudishwa thieta. Toka siku hiyo anasema bora mzazi akae na njaa kuliko hilo lijirudie. Mtu aliyeona vile huwezi kumlaumu kwa kuogopa. Lakini yule mama alikuwa mgonjwa wa aina nyingine. Utumbo wake ulishaumwa kabla ya ugali, na siamini ugali ndo uliomrudisha thieta.

Mama mkwe alikuwa analinda mshono. Wengi wetu huku pwani tunaona chakula kikiingia kinapita pale palipokatwa. Hakipiti. Chakula kinakwenda kwenye tumbo la chakula na utumbo, na kwenye upasuaji wa uzazi kinachokatwa na kushonwa ni ngozi, kuta za tumbo na mfuko wa uzazi. Utumbo unasogezwa pembeni tu, mara nyingi hata haushikwi. Nilipomuonyesha bi mkubwa kwa kuchora kwenye karatasi alinyamaza kidogo halafu akasema, "sasa mbona hakuna aliyetuambia toka ule uzazi wa kwanza?"

Na mzazi mwenyewe alisikia sawa, alielewa sawa, ila mkaza mwana aliyelala kitandani na mshono mbichi hawezi kubishana na mama mkwe na sista kwa wakati mmoja. Hilo tuliweke akilini kila tunapomuelekeza mgonjwa peke yake thieta halafu tunadhani tumemaliza.

Kwa nini asisubirishwe mpaka ajambe

Baada ya tumbo kufunguliwa utumbo mwembamba unaanza kazi ndani ya saa chache. Tumbo la chakula linachukua kama siku moja kurudi sawa sawa. Utumbo mpana ndo wa mwisho, siku mbili mpaka tatu, na hewa inatokea huko. Kwa hiyo ukisema ale akijamba umesubiri kiungo cha mwisho kabisa kiamke, wakati vinavyopokea uji vimeshaamka zamani. Tena mtu ambaye hajala bado anameza mate na tumbo linatengeneza maji yake, lita kadhaa kwa siku, kwa hiyo hakuna utumbo mtupu unaopumzika kama tunavyofikiria. Kutafuna na kumeza ndo kunaushtua utumbo utembee. Kulala tu kitandani na sindano za pethidini kunauchelewesha, na mzazi wetu alipata vyote viwili huku chakula hana.

Hili halijaanza jana. Mwaka 2002 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio yaliyokuwepo kuhusu kula mapema baada ya upasuaji wa uzazi, hayakukuta sababu ya kuwanyima chakula hawa wazazi ambao upasuaji wao hauna matatizo. Mwongozo wa 2019 wa ERAS, chama cha wataalamu wa kumsaidia mgonjwa apone haraka baada ya upasuaji, ukaenda mbali zaidi, unasema chakula cha kawaida ndani ya saa 2. Sisi daktari aliandika maji saa 2 na uji saa 6, alikuwa na tahadhari kuliko mwongozo na bado hakufuatwa. Hata bigijii imefanyiwa utafiti: mapitio ya 2016 yenye wanawake zaidi ya 3000 yalionyesha wanaotafuna baada ya upasuaji wanajamba mapema kwa wastani wa kama saa 7. Kama mzazi anaruhusiwa kula basi bigijii haina haja sana, ila kwa yule ambaye chakula chake bado kiko kwenye bajaji ni kitu rahisi kinachopatikana duka lolote Ngamiani.

Hofu ya chakula kwenye uzazi ina mzizi wake pia. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York aliandika kuhusu wajawazito waliopaliwa na matapishi yakaingia mapafuni wakiwa kwenye nusu kaputi. Hatari ile ni ya kweli, lakini ni ya mtu anayelazwa usingizi ana chakula tumboni. Mzazi aliyekwisha kupasuliwa, yuko macho, anaongea, anauliza mtoto wake yuko wapi, hayuko kwenye hatari hiyo.

Halafu dripu. Ndugu wengi wanaona dripu wanasema "anakula kwa mshipa". Lita moja ya dripu ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, vijiko kama 12 vya chai, basi. Ile ya chumvi haina chakula kabisa. Na huyu mtu kapoteza damu, ana kidonda cha kupona, ananyonyesha. Maziwa ya mwanzo hayakauki kwa sababu mama kashinda njaa siku moja, hilo niseme wazi msije mkawatisha watu, lakini mama mwenye kiu, kizunguzungu na maumivu hawezi kumweka mtoto titini mara kwa mara, na mtoto asiponyonya mara kwa mara ndo maziwa yanachelewa na chupa ya maji ya sukari inapata nafasi.

Kuna jambo moja nilimwambia bi mkubwa likamuingia kuliko tafiti zote. Mwenye nifasi hafungi hata Ramadhani, dini imemuondolea. Sisi tunamfungisha kwa sheria ipi?

Wanaotakiwa kusubiri kweli

Wapo, na hawa tusiwachanganye na huyu. Aliyepewa nusu kaputi na bado ana usingizi mzito, asipewe kitu mpaka aamke vizuri na aweze kumeza bila kupaliwa. Anayetapika mfululizo. Aliyeguswa au kuchanika utumbo au kibofu, huyo daktari wa upasuaji ndo anasema. Anayevuja damu na huenda akarudishwa thieta. Mwenye kifafa cha mimba au presha kali aliyeko kwenye magneziamu, dawa ya kuzuia kifafa hicho, na amelegea. Mwenye maambukizi tumboni baada ya uchungu wa siku nyingi. Kwa hawa sababu iandikwe, na saa ya kuangaliwa tena iandikwe, siyo "asile" halafu kimya.

Na hata aliyeanza kula vizuri, tumbo likianza kujaa na kukaza, akatapika hasa rangi ya kijani, hajambi huku maumivu yanazidi, au akapata homa, chakula kisimame muuguzi aitwe saa hiyo hiyo. Utumbo mpana unaweza kugoma baada ya upasuaji wa uzazi hata bila kitu kuziba, ni nadra lakini kuchelewa kuligundua hilo kunaua.

Kilichosaidia na kilichoshindwa

Daktari kuandika saa kwa namba kulisaidia, manake usiku muuguzi alikuwa na kitu cha kushika. Muuguzi wa usiku kugusa tumbo badala ya kuuliza tu "umejamba?" kulisaidia sana. Kunyonyesha usiku kulimuepusha mtoto na maji ya sukari. Kuangalia damu kabla ya kulaumu njaa kulikuwa sahihi.

Kilichoshindwa wengi watasema ni makabidhiano, na ni kweli, lakini mimi naona kikubwa zaidi ni geti. Hospitali zetu chakula cha mzazi kinatoka nyumbani, na kinaingia kwa saa za kuona wagonjwa tu: asubuhi, mchana, jioni. Daktari akiandika "uji baada ya saa 6" kwa mtu aliyetoka thieta saa sita mchana, hiyo ni saa kumi na mbili jioni, kengele inalia ndugu wanatolewa nje. Maandishi yanasema kula, geti linasema kesho. Muuguzi wa jioni angesema tu "bi mkubwa acha hotpoti na chupa hapa kabatini, atakula akiruhusiwa", kisa hiki kisingekuwepo. Nafasi ya kula ilipotea pale kapu liliporudi nyumbani, na hakuna agizo la daktari lingeurudisha uji usiku ule.

Kuhusu chakula chenyewe sina maneno mengi. Uji mwepesi, chai isiyo kali, supu ya kuku au samaki, baadae viazi au wali laini, kesho yake ale wanachokula wengine. Pilipili manga kwenye uji haina shida ila isizidi mpaka mtu akohoe, manake kukohoa na mshono mbichi kunauma. Maji mengi, papai na machungwa ya Muheza choo kisikaze. Kumkanda tumbo na maji ya moto juu ya mshono, hapana, hata kama uzazi wa kawaida mlifanya.

Yaliyobadilika wodini, na ambayo bado

Ule mstari uliochapwa sasa unakatwa kwa kalamu thieta kabla faili halijashuka, na daktari anaandika saa kamili ya ukutani, mfano "uji saa kumi na moja jioni", siyo "baada ya saa 6", ili asiwepo wa kupiga hesabu kwenye zamu yenye vurugu. Anayemuuguza mzazi, awe mama, mkwe, wifi au shangazi, anaelezwa yeye mwenyewe siku ya kulazwa, mbele ya mzazi, na anaambiwa aje na chupa inayotunza moto. Kapu halirudi nyumbani kama mzazi hajala. Upasuaji wa kupangwa ukisogezwa mbele, muuguzi anauliza kama mgonjwa anaweza kunywa maji.

Ambacho hatujakipatia jibu ni mzazi asiye na mtu. Wapo wanaoletwa kwa dharura kutoka Pangani au vijiji vya juu, wanashuka na kanga mbili na mtoto tumboni, ndugu wanafika kesho kutwa. Huyo hata ukimwandikia uji saa kumi na moja, uji wa nani? Mpaka sasa anakula kwa ukarimu wa kitanda cha jirani, na wauguzi tunachangishana sukari na unga tunapika kwenye jiko dogo la chumba cha zamu. Tumeomba jikoni wawe wanaacha uji kwenye chupa mbili kila jioni kwa ajili ya waliotoka thieta, bado tunasubiri jibu.